Risasi na Mtutu Wake

Mkulima wa Ijumbi, wilayani Muleba, aamkapo alfajiri na kukuta mkungu wake umeondoka na mwizi wa usiku, hana haja ya hadubini ili aanze uchunguzi. Huinama akalitazama shina lililokatwa. Mgomba una mwili laini uliojaa maji, nao huipokea alama ya chuma kama nta iupokeavyo muhuri. Panga lililopata pengo kwa kugonga jiwe huacha mwinuko mwembamba juu ya uso wa mkato, na kila likatapo huuacha mwinuko huo katika umbali ule ule kutoka kwenye ncha. Panga lililotoka kunolewa kwa tupa huacha michirizi midogo iliyolala sambamba. Mtu aliyeishi miaka yake yote kati ya migomba aweza kusema, bila kukosea sana, kwamba mkato huu si wa panga la nyumba yake.

Lakini mtu huyo akitakiwa ale kiapo kwamba mkato ni wa panga la jirani fulani, hapo ndipo shida ianzapo. Mapanga mengi ya kijiji yalinunuliwa katika duka moja, yalitoka katika kiwanda kimoja, na yana upana mmoja. Pengo moja haliwezi kumfunga mtu. Mapengo manne yenye ukubwa mbalimbali, yaliyoachana kwa vipimo vile vile juu ya shina na juu ya panga, ni habari nyingine. Tena lazima panga lenyewe liwepo. Shina peke yake, hata likitazamwa mwezi mzima, laweza kusema tu kwamba lilikatwa na panga la namna hii au ile. Haliwezi kumtaja mwenye panga.

Elimu ya kuilinganisha risasi na bunduki iliyoifyatua imejengwa juu ya mambo hayo hayo, ila mahali pa mgomba pana kipande cha madini chenye ukubwa wa ncha ya kidole, na mahali pa mkungu pana uhai wa mtu. Mara nyingi pana uhai wa watu wawili, yule aliyekwisha kuuawa na yule anayeshitakiwa, kwa kuwa sheria za Tanzania zinamhukumu kunyongwa mtu aliyeua kwa kukusudia.

Mkoa wa Kagera una sababu zake za kuifahamu bunduki. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia na kuiteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na vita iliyofuata ilikwisha mwaka 1979 baada ya kumng'oa Amin madarakani. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda wakaingia Ngara na wilaya za jirani. Majeshi na wakimbizi wapitapo, silaha nazo hupita, na baadhi yake hubaki nyuma zikafichwa chini ya ardhi au darini. Silaha ya namna hiyo haina hati wala mwenyewe anayejulikana. Ikitumika katika uhalifu, mara nyingi maandishi pekee yanayoweza kusomwa ni yale ambayo chuma chake kimeyaandika juu ya risasi.

Matuta na mifuo

Kabla ya kuendelea yafaa neno moja lifafanuliwe. Katika mazungumzo ya kila siku watu huita risasi kile kitu kizima kinachotiwa bundukini. Kwa kweli kitu hicho kina sehemu nne: ganda, ambalo aghalabu ni la shaba ya manjano, fataki ndogo iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na mbele kabisa kichwa cha madini kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Katika maelezo haya, kichwa hicho peke yake ndicho kitakachoitwa risasi.

Mtutu wa bunduki ya kisasa si bomba laini. Ndani yake kiwanda hukata mifuo kadhaa inayozunguka kutoka upande wa kitako hadi mdomoni, mfano wa ukambaa uliosokotwa, na kati ya mfuo na mfuo hubaki tuta. Anayelima viazi vitamu hatapata taabu ya kuelewa: ni matuta na mifereji, ila shamba lenyewe limekunjwa likawa bomba na kusokotwa kidogo. Risasi hutengenezwa ikiwa nene kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya matuta. Baruti inapoungua, gesi huisukuma kwa nguvu kubwa mno, nayo hulazimika kujipenyeza. Matuta huuma ubavu wake na kuizungusha. Ikitoka mdomoni huruka huku ikizunguka kama pia, na kwa sababu hiyo hainyumbuki njiani.

Bunduki ya aina ya AK, ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki huiita SMG, ina mifuo minne inayozunguka kuelekea kulia, na mfuo hukamilisha mzunguko mmoja katika milimita 240 za urefu. Risasi yake hutoka kwa mwendo wa takriban mita 715 kwa sekunde. Mwenye kupenda hesabu akigawanya ataona kwamba risasi hiyo huzunguka karibu mara 3,000 kwa sekunde moja, ingawa ndani ya mtutu wenyewe haipati nafasi ya kukamilisha hata mizunguko miwili. Safari hiyo fupi hutosha. Chuma cha mtutu ni kigumu, na risasi, iwe ya madini ya risasi tupu au iliyovikwa ngozi ya shaba, ni laini. Kilicho laini hupokea alama za kilicho kigumu.

Alama hizo ni za daraja mbili, na kuzichanganya kumeleta makosa ambayo nusura yaue watu. Za kwanza ni alama za jamii. Idadi ya mifuo, upana wake, upande inaozungukia na ukali wa mzunguko wake huamuliwa na kiwanda kabla bunduki haijatengenezwa. Ikiwa SMG ina mifuo minne ya kulia, bunduki ya zamani ya .303 ya Waingereza, ile iliyobebwa na askari wa King's African Rifles, kwa kawaida ina mifuo mitano inayozunguka kushoto. Bastola za kinu kinachozunguka za Colt zina mifuo sita ya kushoto, na zile za Smith & Wesson zina mifuo mitano ya kulia. Mambo haya hujulikana kwa kuhesabu tu. Mwaka 1889, huko Lyon nchini Ufaransa, Profesa Alexandre Lacassagne alihesabu mifuo saba juu ya risasi iliyotolewa katika maiti, na bastola ya mshukiwa mmoja ikaonekana kuwa na mifuo saba. Wakati ule lilionekana kuwa jibu kamili. Leo mwanafunzi wa kwanza wa elimu hii angeuliza upesi: na zile bastola nyingine zote zilizotoka kiwanda hicho hicho?

Alama za daraja ya pili ni zile ambazo kiwanda hakikuzikusudia. Kifaa cha kukatia mifuo huchakaa kidogo kila kinapopita katika mtutu mmoja na kuingia mwingine. Vipande vidogo vya chuma hunasa na kukwaruza. Ncha ya kifaa humeguka mahali pasipoonekana kwa macho. Kwa hiyo hata mitutu miwili iliyokatwa kwa kifaa kimoja, mmoja baada ya mwingine, hutofautiana. Kisha mwenye bunduki huongeza yake: kutu ya masika, fimbo ya kusafishia iliyo ngumu kupita kiasi, mchanga, na maelfu ya risasi zilizopita. Mhunzi atawaambia watu kwamba hajapata kufua majembe mawili yaliyo sawasawa kabisa, na katika nchi ya Buhaya, ambako chuma kimeyeyushwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, neno la mhunzi ni la kuheshimiwa.

Hadubini mbili, jicho moja

Ili kulinganisha, mchunguzi huhitaji risasi mbili: ile iliyotolewa katika mwili au ukutani, na nyingine ambayo ameifyatua mwenyewe kutoka katika bunduki iliyokamatwa. Ya pili hiyo hufyatuliwa ndani ya tangi refu la maji, ambamo huishiwa nguvu polepole na kuzama chini bila kugonga kitu kigumu. Hufyatuliwa zaidi ya moja. Jambo la kwanza si kuzilinganisha na risasi ya uhalifu bali kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, maana mtutu ambao haurudii alama zake mwenyewe hauwezi kuulizwa chochote.

Chombo kitumikacho ni hadubini mbili zilizounganishwa juu kwa daraja la vioo. Mchunguzi hutazama katika tundu moja na kuona duara moja lililokatwa katikati kwa mstari mwembamba. Kushoto ya mstari ipo risasi ya uhalifu na kulia ipo ya majaribio. Huzizungusha polepole hadi alama za tuta moja zikutane na alama za tuta jingine. Kama zote mbili zilitoka katika mtutu mmoja, michirizi ya upande mmoja huvuka ule mstari na kuendelea upande wa pili, kama kitambaa cha mistari kilichopasuliwa kisha kikashonwa na fundi hodari. Namna hii ya kazi ilikamilishwa mjini New York mwaka 1925 na Philip Gravelle, akishirikiana na Calvin Goddard na Charles Waite.

Waite alikuwa na sababu ya kushughulika. Mwaka 1915, katika jimbo hilo hilo la New York, kibarua wa shamba aliyeitwa Charlie Stielow, mtu maskini asiyejua kusoma, alishitakiwa kumwua bwana shamba wake pamoja na mtunza nyumba. Alikuwa na bastola ya kipenyo cha inchi 0.22, na waliouawa walipigwa kwa risasi za kipenyo hicho. Mtu aliyejiita mtaalamu alisimama mahakamani akasema ameona mikwaruzo tisa mdomoni mwa bastola na mikwaruzo hiyo hiyo juu ya risasi. Stielow akahukumiwa kufa. Utekelezaji wa hukumu uliahirishwa mara kadhaa, nyingine saa ikiwa imekaribia kabisa. Hatimaye wachunguzi waliojua kutumia hadubini walizitazama risasi zile wakaona kwamba mtutu uliozifyatua ulikuwa na kasoro kubwa ya ukataji, nao mtutu wa Stielow haukuwa na kasoro hiyo. Aliachiliwa mwaka 1918. Waite alishiriki katika uchunguzi huo, na baada yake alizunguka viwanda vya Marekani na Ulaya akikusanya vipimo vya mitutu.

Barani Afrika elimu hii ilishika mizizi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 19 Novemba 1924 Sir Lee Stack, Gavana Mkuu wa Sudan na mkuu wa jeshi la Misri, alipigwa risasi akiwa garini mjini Cairo, akafa siku iliyofuata. Sydney Smith, daktari mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akiitumikia serikali ya Misri, alikuta juu ya baadhi ya risasi mkwaruzo wa pekee uliotokana na kasoro mdomoni mwa mtutu wa bastola ya Colt ya kipenyo cha inchi 0.32. Washukiwa waliponaswa wakikimbilia mpaka wa Libya, bastola zao zilikamatwa pamoja nao. Smith alizifyatua, na mkwaruzo ule ukatokea tena. Hapo palikuwa na pande zote mbili za ule mstari wa katikati: risasi ya uhalifu na mtutu wenyewe.

Nairobi, mwaka 1941

Kesi iliyo karibu zaidi na watu wa Afrika Mashariki inafunza kinyume chake, na inastahili kusimuliwa kwa kituo.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, wachukuzi wa maziwa waliokuwa safarini kwenda Nairobi waliliona gari aina ya Buick limeacha barabara karibu na Karen. Ndani yake alikuwamo Josslyn Hay, aliyejulikana kwa cheo cha Lord Erroll, mtu mashuhuri kati ya walowezi wa Kenya. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni ajali ya barabarani. Baadaye tu, maiti ilipochunguzwa, tundu la risasi lilionekana karibu na sikio. Wakati huo watu wengi walikwisha kukanyaga mahali pale, na gari lilikwisha kuondolewa. Risasi moja ilitolewa kichwani na nyingine ikapatikana garini.

Mashaka yalimwangukia Sir Jock Delves Broughton, mzee aliyekuwa amewasili Kenya miezi michache tu iliyopita pamoja na mke kijana, Diana, ambaye hakuficha mapenzi yake kwa Erroll. Broughton alikuwa amemiliki bastola mbili za Colt. Siku tatu kabla ya mauaji alitoa taarifa polisi kwamba zimeibwa nyumbani kwake. Hazijaonekana mpaka leo.

Bila ya bastola, polisi walibuni njia ya kuzunguka. Walijua kwamba Broughton aliwahi kujizoeza shabaha katika shamba la rafiki yake huko Nanyuki. Wakaenda wakafukua ardhi, wakapata risasi na maganda. Wataalamu wa serikali walizilinganisha risasi za Nanyuki na zile zilizomwua Erroll, na upande wa mashtaka ukadai mahakamani kwamba baadhi yake zilitoka katika bastola moja. Hoja ilikuwa ya akili: kama mtutu haupo, basi risasi nyingine iliyopita katika mtutu ule yaweza kusimama mahali pake. Kwa elimu ya hadubini hakuna kosa katika wazo hilo. Walioandaa kesi waliona kamba imekamilika: kutoka maiti hadi Nanyuki, kutoka Nanyuki hadi bastola ya Broughton, kutoka bastola hadi mkono wake.

Kesi ilianza mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan mwezi Mei. Broughton alitetewa na wakili Harry Morris kutoka Afrika Kusini, mtu aliyejifunza habari za silaha kwa bidii. Morris hakupoteza muda mwingi kubishana juu ya michirizi midogo. Alirudi kwenye hesabu ambayo mtoto wa shule angeiweza. Aliwauliza wataalamu risasi za mauaji zina mifuo mingapi. Wakajibu, mitano. Inazunguka upande gani? Kulia. Na bastola ya Colt ina mifuo mingapi? Sita, ya kushoto. Basi risasi hizi haziwezi kuwa zilitoka katika bastola ya Colt? Haziwezi.

Hati ya Broughton iliandika Colt mbili. Kama risasi za Nanyuki nazo zilikuwa na mifuo mitano ya kulia, basi hazikutoka katika bastola zilizoandikwa kwa jina lake. Na nani angeweza kuapa ni mkono wa nani uliofyatua kila kipande kilichofukuliwa ardhini? Kamba ilikatika mahali ambapo hapakuhitaji hadubini. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiliwa huru. Alirudi Uingereza na kufariki Liverpool mwezi Desemba 1942. Hakuna mtu mwingine aliyepata kushitakiwa.

Waandishi wengi wamejishughulisha na mapenzi na anasa za walowezi wale, na wachache wameitazama kwa makini ile mifuo mitano. Inasikitisha, kwa kuwa hapo ndipo penye somo la kesi. Alama za jamii haziwezi kumtia mtu hatiani peke yake, lakini zaweza kumtoa hatiani moja kwa moja. Mifuo mitano ya kulia ingeweza kutoka katika maelfu ya bastola duniani. Haikuweza kutoka katika Colt hata moja. Kukanusha ni kazi rahisi na imara kuliko kuthibitisha, na mchunguzi mwaminifu huanza na kukanusha. Kama wale waliofukua Nanyuki wangeisoma hati ya silaha kwanza na kuhesabu mifuo baadaye, wangejua kabla ya siku ya kesi kwamba palikuwa na pengo.

Je, ni hakika kiasi gani?

Hata pale bunduki ipatikanapo, ulinganisho wa michirizi si kama kusoma namba ya gari. Mwaka 1959 mtafiti Alfred Biasotti alichapisha matokeo ya kulinganisha risasi zilizofyatuliwa kutoka bastola za aina moja. Risasi za madini ya risasi zilizotoka katika bastola moja zilipatana kwa asilimia 36 hadi 38 tu ya michirizi yao. Zilizovikwa ngozi ya madini mengine zilipatana kwa asilimia 21 hadi 24. Nazo zilizotoka katika bastola mbalimbali? Hizo nazo zilipatana kwa asilimia 15 hadi 20, kwa bahati tu. Msomaji aone jinsi 20 ilivyo karibu na 21. Kilichowatenganisha ndugu na wageni katika kazi ya Biasotti hakikuwa wingi wa michirizi inayopatana bali mfululizo wake: michirizi mingi iliyopangana bila kukatizwa hutokea katika risasi za mtutu mmoja, na ni nadra sana katika risasi za mitutu miwili. Ni yale yale mapengo manne ya panga, yaliyofuatana kwa mpango mmoja.

Hata hivyo anayeamua kwamba mfululizo umetosha ni binadamu. Katika jaribio moja kubwa lililofanyika Marekani na kutolewa mwaka 2014, wachunguzi 218 walipewa maganda ambayo watayarishaji walijua yalikotoka. Kati ya ulinganisho zaidi ya 2,000 wa maganda yaliyotoka bunduki tofauti, mara 22 wachunguzi walisema ni bunduki moja. Ni takriban kosa moja katika mia. Mtu aweza kuliona kosa hilo dogo, mpaka akumbuke ni nini kinachoning'inia juu yake. Mwezi Juni 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo la Maryland iliamua kwamba mtaalamu aweza kueleza mahakama kuwa alama za risasi zinapatana na za bunduki fulani, lakini asiseme bila masharti kwamba bunduki hiyo na si nyingine ndiyo iliyofyatua.

Zipo pia silaha ambazo hazina mifuo kabisa. Gobore, ambalo wawindaji wa Tanzania Magharibi wamelitumia kwa vizazi, ni bomba laini linaloshindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomoni. Halina mfuo wala ganda, na vipande vyake hutoka bila alama za kutegemewa. Bunduki ya marisau, yenye mtutu laini na gololi nyingi ndogo, nayo haiandiki kitu juu ya gololi zake. Lakini hiyo angalau hutumia ganda.

Ganda lililobaki chini

Ganda, mara nyingi, ni shahidi bora kuliko risasi yenyewe. Risasi hugonga mfupa, jiwe au ukuta ikabondeka; ganda hudondoka chini likiwa zima. Pini ya bunduki inapoipiga fataki huacha kishimo chenye umbo la ncha yake. Nguvu ya mlipuko hulirudisha ganda nyuma kwa kishindo, na kitako chake huchapwa nakala ya uso wa chuma kilicho nyuma yake, pamoja na michirizi ya tupa au mashine iliyokisawazisha. Kucha inayolivuta ganda huikwaruza kingo, na kidude kinacholitupa nje huacha kovu lake. Bastola ya kinu kinachozunguka haitupi maganda, na mhalifu mwenye nayo huondoka na ushahidi wake; SMG huyatapanya mita kadhaa kuume kwa mfyatuaji.

Kwa hiyo ikitokea kwamba bunduki imelia usiku katika kitongoji cha Ijumbi, mambo yatakayofanyika kati ya jogoo la kwanza na kufika kwa polisi yaweza kuwa na uzito kuliko hadubini yoyote. Watoto hupenda kuokota maganda yanayong'aa. Watu wazima nao, kwa nia njema, huyakusanya yote mfukoni ili wamkabidhi mwenyekiti wa kijiji, nayo yakiwa mfukoni hugongana na sarafu na funguo na kupata mikwaruzo mipya. Tena mahali ganda lilipolala huonyesha pale aliposimama mfyatuaji. Likishaokotwa, habari hiyo hairudi. Lililo bora ni kuliacha pale pale, kulifunika kwa kitu kisichogusana nalo kama ndoo au beseni ikiwa mvua inakuja, na kumweka mtu wa kulinda. Polisi wakifika, kila ganda litiwe katika bahasha yake, liandikwe mahali na saa lilipookotwa, na risasi iliyozama katika nguzo ya mti isichokolewe kwa kisu bali kipande kizima cha nguzo kikatwe na kupelekwa. Kutoka Muleba hadi maabara ya uchunguzi wa jinai ya Jeshi la Polisi iliyopo Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na bahasha hupita mikononi mwa watu kadhaa. Kila mmoja hutia sahihi. Wakili wa utetezi atakuja kuzihesabu sahihi hizo kama Morris alivyohesabu mifuo.

Mara nyingine bunduki hupatikana baada ya miaka. Serikali hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha ambamo mwenye silaha haramu aweza kuisalimisha bila kushitakiwa, na silaha zilizofukiwa ardhini hutolewa. Mvua za ukanda wa magharibi wa Ziwa Victoria ni nyingi, na udongo wa migombani haukauki kwa urahisi. Bunduki iliyolala humo masika mbili au tatu bila kufungwa vizuri huota kutu ndani ya mtutu. Kutu hula ncha za matuta, na ikisafishwa huacha vishimo ambavyo havikuwapo siku ya uhalifu. Idadi ya mifuo bado yaweza kuhesabiwa, na upande wa mzunguko bado waonekana, hivyo mchunguzi aweza kuikanusha bunduki hiyo ikiwa si ya jamii inayotakiwa. Lakini ile michirizi midogo, ambayo ndiyo ingeitenga na dada zake wote wa kiwandani, imekwisha kuliwa. Katika hali hiyo mchunguzi hufyatua risasi zake katika tangi, huziweka chini ya hadubini, huzizungusha kwa saa nyingi, na mwisho huandika katika taarifa yake kwamba haikuwezekana kutambua. Jibu hilo si ndiyo wala si la, na hakimu hulipokea kama lilivyo.